Anza na spika, valvu ije baadaye: amplifaya ya kwanza kwa EL84

Maagizo mengi tunayopokea huanza na jina la valvu, ile taa ya kioo inayokuza mawimbi ya sauti: "Nataka KT88", "Nipe 300B". Sisi huuliza kwanza: una spika gani? Spika yenye unyeti wa desibeli 92 kwa wati 1, ikipimwa kutoka mita 1, hujaza sebule ya kawaida kwa wati 4. Yenye desibeli 84 huhitaji nguvu zaidi ya mara sita ili ifikie sauti ile ile, na hapo amplifaya ya valvu moja kila upande itaelemewa upesi, hata valvu iwe na sifa kiasi gani.

Kama spika zako zinaruhusu, jenga kwa EL84 moja kila upande, ikisukumwa na nusu ya ECC83, valvu ndogo ya hatua ya kwanza. EL84 haidai mengi: volti 250, hita ya volti 6.3 na ampea 0.76, na volti chache tu za mawimbi kwenye gridi (wavu wa ndani unaopokea sauti). KT88 hula ampea 1.6 kwenye hita na kwa kawaida huendeshwa kwa volti 400 na kuendelea. Si mahali pa kujifunzia. Kwa 300B tatizo ni jingine: waya wa hita ndio kathodi (sehemu inayotoa elektroni) yenyewe, hivyo mvumo wa umeme unaokwenda na kurudi huingia moja kwa moja kwenye sauti. Kuutuliza ni kazi ya peke yake.

Majina ya Ulaya yanasomeka. E ni hita ya volti 6.3, CC ni triodi (valvu ya elektrodi tatu) mbili ndani ya kioo kimoja, L ni pentodi (ya elektrodi tano) ya nguvu. P mwanzoni ni hita ya ampea 0.3 iliyokusudiwa kuunganishwa kwa mfululizo. Hapo ndipo watu hukosea: PL84 si EL84 yenye hita tofauti, bali ni pacha wa EL86. Kwa majina ya Marekani, EL84 ni 6BQ5 na ECC83 ni 12AX7.

Ukinunua valvu iliyotumika, tazama doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia, mara nyingi juu ya kichwa. Likigeuka jeupe kama chokaa, hewa imeingia na valvu imekufa. Mwanga wa buluu unaotambaa kwenye kioo cha valvu ya nguvu ni wa kawaida. Mwanga wa zambarau katikati ya vyuma vya ndani ni gesi, usiiwashe tena. ECC83 igongegonge kwa penseli ikiwa inafanya kazi: ikilia kama kengele kwenye spika, usiiweke hatua ya kwanza. Na usilipie valvu zilizolinganishwa kwa saketi hii. Kulinganisha kuna maana pale valvu mbili zinaposukuma transfoma moja kwa zamu.

Fedha iende kwenye transfoma

Transfoma ya spika ndiyo huamua besi utakayoisikia. Kwa EL84 moja tafuta kiloomu 5 kwa omu 8, iliyotengenezwa kwa valvu moja, yaani yenye pengo la hewa kwenye chuma chake. Mkondo wa valvu hupita humo upande mmoja tu bila kukoma. Chuma kisicho na pengo hushiba sumaku, na besi hupotea au hukwaruza. Transfoma ya valvu mbili iliyotolewa kwenye amplifaya ya zamani haifai hapa.

Transfoma isiyo na maandishi hupimika. Ukiitoa kwenye saketi kabisa, weka volti 25 za transfoma ndogo kwenye upande wa waya mwembamba, kisha pima upande wa spika. Ukipata volti 1, uwiano ni 25. 25 mara 25 ni 625, mara omu 8 ni kiloomu 5. Ukifunga spika ya omu 4 hapo, valvu itaona kiloomu 2.5 tu, na nguvu na usafi wa sauti vyote vitashuka.

Transfoma ya umeme: kwa stirio, hita zote zinakula ampea 1.82, kwa hiyo chukua tawi la ampea 3. Volti 200-0-200 na diodi, ikiwa na uwezo wa miliampea 150 za mkondo mnyoofu, hutosha.

Thamani za saketi

ECC83: rezista ya anodi (bamba linalopokea elektroni) kiloomu 100, ya kathodi kiloomu 1.5. Kapasita ya kwenda EL84 ni mikrofaradi 0.1 ya volti 400. Gridi ya EL84 iunganishwe na ardhi ya saketi kwa kiloomu 470, na kiloomu 1 ilehemiwe kwenye pini 2 yenyewe ili isipige kelele za masafa ya juu. Gridi ya pili, pini 9, ipitie omu 100. Kathodi, pini 3: omu 150 ya wati 3, na sambamba nayo mikrofaradi 220 ya volti 25.

Vitabu vya data huonyesha omu 135, lakini kwa thamani hiyo na volti 250 anodi hupata miliampea 48, yaani wati 12, na wati 12 ndio ukomo wake. Ukiweka omu 150 pima volti za kathodi: 7.5 ni miliampea 50 kwa jumla, toa 5 za gridi ya pili, zinabaki 45. Zidisha kwa volti kati ya anodi na kathodi. Matokeo yakizidi wati 11.5, panda hadi omu 180.

Waya za hita zisokotwe na zilale kwenye kona za chasisi; kila upande wa hita upeleke omu 100 kwenye ardhi ya saketi. Ardhi hiyo iguse chasisi mahali pamoja tu, karibu na soketi ya kuingizia sauti. Waya wa ardhi wa umeme wa nyumba ufungwe kwenye chasisi kwa boliti yake pekee.

Weka rezista ya kiloomu 100, wati 3, sambamba na kapasita kubwa ya umeme mnyoofu ili imwage chaji. Hata hivyo, kabla ya kuingiza mkono zima, chomoa, subiri dakika nzima, halafu pima. Volti 280 za kapasita huua.

Washa mara ya kwanza kupitia balbu ya nyuzi ya wati 60 iliyowekwa kwa mfululizo, spika ikiwa imefungwa. Amplifaya isiyo na mzigo huweza kurusha cheche ndani ya transfoma. Anodi ya EL84 ikiwa nyekundu, zima mara moja. Chanzo cha kawaida ni kapasita ya 0.1 inayovuja: pini 2 ikisoma volti za chanya badala ya sifuri, na zikapanda ukichomoa ECC83 amplifaya ikiwa imezimwa kisha ukaiwasha upya, kapasita ndiyo ya kushukiwa, kwa kuwa upande wake wa pili sasa una volti kamili; ing'oe mguu mmoja upime tena. Ukiongeza mrejesho (sehemu ya sauti inayorudishwa mwanzo wa saketi) kutoka kwenye spika na amplifaya ikapiga yowe, badilisha ncha mbili za upande wa anodi wa transfoma.

Ukituandikia kuagiza, taja omu na desibeli za spika, na volti ulizopima kwenye transfoma uliyo nayo.