Riwaya za Star Wars zisihukumiwe kwa muhuri wa kampuni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nijibu makala iliyochapishwa Jumapili iliyopita kuhusu Star Wars, zile filamu za Kimarekani za vita vya angani, ambamo mwandishi wenu, baada ya kuzichambua filamu zenyewe kwa ustadi, alizimaliza riwaya zake zote kwa aya moja. Alisema mambo mawili: kwamba riwaya hizo ni bidhaa za dukani sawa na fulana na vikombe vyenye picha ya Darth Vader, yule mwovu mkuu wa filamu hizo, na kwamba zile zilizotoka kabla ya mwaka 2014 hazina haja ya kusomwa tena kwa sababu kampuni inayomiliki Star Wars imezikana. La kwanza lina ukweli, pengine kuliko anavyodhani mwenyewe. La pili sikubaliani nalo hata kidogo.

Nianze na penye ukweli. Riwaya ya kwanza kabisa ilitoka mwishoni mwa 1976, miezi kadhaa kabla ya filamu kuonyeshwa Mei 1977, na jalada lake lilibeba jina la George Lucas, mtunzi wa filamu, ilhali aliyeiandika ni Alan Dean Foster. Foster huyohuyo akaandika nyingine, Splinter of the Mind's Eye, iliyotoka 1978, kwa maelekezo kwamba iwe hadithi inayoweza kupigwa picha kwa gharama ndogo endapo filamu ya kwanza isingefanya vizuri. Ndiyo maana sayari yake imegubikwa na ukungu, kwa kuwa ukungu haudai mandhari ya bei ghali, na ndiyo maana Han Solo, mmoja wa mashujaa wa filamu, hayumo, kwa kuwa Harrison Ford, mwigizaji wake, alikuwa bado hajafungwa na mkataba wa filamu ya pili. Humo Luke na Leia, mashujaa wenzake, wanatazamana kwa namna ambayo, baada ya filamu ya 1983 kufichua kuwa ni ndugu pacha, humfanya msomaji aangalie pembeni. Kitabu hicho kinamfaa anayetaka kujua historia ya biashara hii. Mwingine akikiruka hatapungukiwa na kitu. Vingi vilivyofuata vina hali hiyohiyo: silaha mpya kubwa kuliko ya jana, mtawala mpya mwenye hasira kuliko wa jana, na mashujaa ambao unajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba hawatakufa.

Lakini mwandishi wenu angefika mwaka 1991, angekutana na Heir to the Empire cha Timothy Zahn, kilichofuatwa na Dark Force Rising mwaka 1992 na The Last Command mwaka 1993, na hapo aya yake moja isingemtosha. Mimi vitabu hivyo vitatu nilivipata kwa muuza vitabu vya mitumba anayetandika turubai lake kando ya barabara, kimoja kimoja, kwa kipindi cha karibu miaka miwili, na cha kwanza kilikuwa hakina jalada. Nilikisoma bila kujua kimeandikwa na nani, jambo ambalo sasa naliona kuwa bahati.

Adui wa Zahn ni Thrawn, jemadari wa Dola, utawala wa kidhalimu uliokwisha kushindwa na mashujaa wa filamu, mtu mwenye ngozi ya buluu na macho mekundu, ambaye hapigi kelele wala hanyongi wasaidizi wake kwa hasira. Mwanzoni mwa kitabu nahodha wake, Pellaeon, anamkuta ameketi katika chumba chenye giza, amezungukwa na taswira za sanamu na michoro ya watu wa sayari mbalimbali. Dakika chache baadaye meli za Jamhuri Mpya, serikali ya washindi hao, zinashambulia, na Thrawn, kutokana na namna zinavyojipanga, anamtambua kamanda wa meli hizo kuwa ni wa jamii ya Elomin. Kwa kuwa amekwisha kuisoma sanaa ya jamii hiyo, anajua kwamba akili zao zinapenda mpangilio na haziwezi kukabiliana na shambulio lisilo na umbo. Basi anawapelekea shambulio la aina hiyo, na mapigano yanakwisha upesi. Sijui kama sanaa ya watu inaweza kusomwa hivyo kweli, na nina mashaka, lakini ni wazo ambalo filamu isingelipa hata dakika mbili.

Kitabu cha pili ndicho ninachokipenda zaidi. Huko Leia anafika Honoghr, sayari ya Wanoghri, watu wafupi wa rangi ya kijivu ambao kwa miaka mingi wamekuwa wauaji wa siri wa Dola. Kisa cha utumishi wao ni kwamba vita vya angani viliharibu ardhi yao kwa sumu, Darth Vader akaja na msaada, na wao wakaapa kulipa deni hilo kwa damu ya vijana wao. Roboti za Dola bado zinazunguka mashambani zikisafisha udongo, na usafishaji hauishi. Vizazi vinapita, deni liko palepale. Leia ndiye anayegundua kwamba nyasi zinazofunika nchi ile zimetengenezwa makusudi ili mmea mwingine usiote, na kwamba mfadhili ndiye anayelinda ukame. Msomaji wa huku kwetu, aliyewahi kusikia hesabu za mikopo isiyokwisha na miradi ya kuokoa ardhi inayodumu kuliko walioianzisha, hahitaji kuelezwa kwa nini sura zile zilinifanya nikiweke kitabu chini kwanza. Na uzuri wa mpango wa Zahn ni kwamba Thrawn, msomaji hodari wa nafsi za mataifa yote, hakuliona jeraha la Wanoghri waliosimama nyuma ya kiti chake kumlinda. Yaliyompata kwa sababu hiyo sitayaeleza.

Hapo ndipo ninapopata kipimo changu, kama Mhariri ataniruhusu kukiita hivyo. Katika filamu ya 1983 rubani anayekaa pembeni ya Lando Calrissian, mmoja wa mashujaa, anasemewa na Mkenya, Kipsang Rotich, na ndani ya maneno yake mna Kikuyu kabisa, ambacho watazamaji wa Kenya walikitambua. Filamu ilichukua sauti ya lugha ikaishia hapo. Kiumbe yule hakupewa kwao wala jamaa. Riwaya inayostahili kusomwa ni ile inayorudi kwa mtu kama huyo na kuuliza anatoka wapi, anadaiwa na nani, na anarudije nyumbani vita vikiisha.

Kwa kipimo hicho, cha pili baada ya Zahn ni Revenge of the Sith cha Matthew Stover, cha mwaka 2005, ingawa kinafuata filamu iliyokwisha kuonekana na wengi. Waliokulia kwenye vibanda vya video wanaijua kazi ya DJ anayeingilia picha katikati akamsemea mhusika yale anayoyawaza, na mara nyingine maneno yake yakawa matamu kuliko picha. Stover anafanya kazi hiyo bila mzaha. Anasimamisha mapigano, anamgeukia msomaji, anamwambia hivi ndivyo inavyokuwa kuwa Anakin Skywalker, kijana atakayekuja kuwa Darth Vader, kisha anamwingiza kwenye hofu ya kijana yule, hofu yenye umbo la joka linalomnong'oneza kwamba kila kitu hufa, hata nyota. Anguko ambalo kwenye filamu linaonekana la ghafla, kitabuni linakuja polepole, na linauma.

Kwa vijana wa sekondari ningependekeza Lost Stars cha Claudia Gray, cha mwaka 2015, kinachowahusu Thane na Ciena, marafiki wa utotoni waliojifunza kurusha chombo pamoja na kuingia pamoja chuo cha Dola. Mmoja anatoroka baada ya kuona uovu wa wakubwa wake, na mwingine anabaki kwa sababu kwao kiapo hakivunjwi. Mashujaa wa filamu wanapita kwa mbali tu, na ndivyo inavyotakiwa. Traitor, kitabu kingine cha Stover cha mwaka 2002, ni kizuri pia, ila kimekaa katikati ya mfululizo wa riwaya 19, na si haki kumtuma mtu huko bila ramani.

Sasa hilo la kukanwa. Disney iliinunua Lucasfilm, kampuni inayotengeneza Star Wars, mwaka 2012, na Aprili 2014 ikatangazwa kwamba riwaya za zamani zitawekwa chini ya jina la Legends ili filamu mpya zisibanwe nazo. Huo ni uamuzi wa mwenye mali kuhusu mali yake, na unamhusu anayeandika filamu. Mimi msomaji unanihusu nini? Watu wa Pwani wamesimuliana habari za Fumo Liyongo kwa namna nyingi zisizolingana, na hakuna aliyesubiri ofisi fulani ipige muhuri ndipo amlilie shujaa aliyechomwa sindano ya shaba na mwanawe. Tena kampuni yenyewe imekiri kwa vitendo, maana Thrawn alirudishwa katika katuni ya Rebels mwaka 2016 na katika tamthilia ya Ahsoka mwaka 2023.

Nakala yangu ya The Last Command ilikuwa imechanika kurasa za mwisho, na nilikaa miezi mingi bila kujua Thrawn aliishia wapi, hadi nilipopata nyingine. Nipo tayari kumwazima mwandishi wenu vitabu vyote vitatu, pamoja na ile iliyochanika, kwa sharti kwamba aanze na sura za Honoghr.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Morogoro