Mwanangu, moto wa Jua huanzia juu

Mwanangu mpenzi,

Swali lako nimelipata: ikiwa mlipuko wa Jua huanzia juu kwenye korona, yaani tabaka la nje kabisa, mbona tabaka za chini ndizo zinazowaka? Umegusa penyewe, maana hata wataalamu wanabishana hapo.

Chanzo ni sumaku. Mistari yake juu ya madoa ya Jua husokotwa mpaka ikakatika na kuungana upya kwa namna nyingine, na nishati iliyobanwa humo hufyatuka kama jiwe la manati. Sehemu kubwa huchukuliwa na elektroni, ambazo huteremka kwenye matao ya sumaku kwa kasi inayoweza kufika nusu ya kasi ya mwanga. Zikifika kromosfia, tabaka lililo chini ya korona, hukuta gesi nzito. Zinaigonga, zinatoa eksirei, na gesi iliyokuwa na nyuzi kama 10,000 inapanda hadi mamilioni kwa muda mfupi mno. Inafumuka kwenda juu, kilomita mamia kwa sekunde, na kuyajaza matao. Kwa hiyo yale matao yanayong'aa kwenye picha ulizonitumia yamejaa gesi iliyotoka chini! Chombo cha RHESSI, kilichorushwa na NASA mwaka 2002, kilipiga picha za eksirei hizo: mara nyingi ni vidoa viwili, kimoja kwenye kila mguu wa tao.

Hadi hapo hakuna ugomvi mkubwa. Ugomvi uko chini zaidi. Tarehe 1 Septemba 1859 mwanaastronomia Mwingereza Richard Carrington alikuwa akichora madoa ya Jua, mara akaona mabaka mawili ya mwanga mweupe. Akakimbia kumtafuta shahidi, na aliporudi, dakika moja haijaisha, yalikuwa yamefifia sana. Mwanga mweupe wa Jua kwa kawaida hutoka kwenye fotosfia, uso wa Jua tunaouona, ulio chini ya kromosfia, na elektroni nyingi huishiwa nguvu kabla ya kufika huko.

Sasa nani anaipasha moto? Wapo wanaosema kromosfia ikishawaka humulika chini na kuipasha fotosfia. Wengine wanazitaja protoni, nzito takriban mara 1,836 kuliko elektroni. Mwaka 2008 wanasayansi Lyndsay Fletcher na Hugh Hudson walipendekeza mawimbi ya sumaku yanayoshuka na nishati kutoka korona. Mimi naegemea upande wa mmuliko, kwa kuwa hauhitaji kitu kipya. Ila mlipuko wa Julai 1996 ulizusha tetemeko, kana kwamba kitu kimeugonga uso kwa nguvu, viwimbi vikasambaa juu ya uso wa Jua, na hilo ndilo linalonizuia kuzifuta protoni na mawimbi.

Wako,
Baba