Kaka, Pyle siyo jina lake

Kaka mambo,

Voisi yako nimeisikiliza, nikaona bora nikuandikie maana hii ishu naipenda na voisi isingetosha. Umeuliza kwa nini kwenye muvi ya Full Metal Jacket yule kuruta mnene anaitwa Pyle wakati kajitaja mwenyewe kuwa ni Leonard Lawrence. Kabandikwa kaka, na Mmarekani aliyekuwa anaangalia TV miaka ya sitini anajua kabisa limetoka wapi.

Gomer Pyle ni mhusika wa komedi ya TV. Alianzia The Andy Griffith Show, kijana wa sheli kwenye kamji ka kubuni kanaitwa Mayberry, mpole, kila kitu kinamshangaza, na akishangaa ni 'Golly!' au 'Shazam!'. Aliyemuigiza ni Jim Nabors, mzaliwa wa Alabama. Watu walimpenda mpaka kituo cha TV cha CBS wakampa shoo yake, anaenda kujiunga na Marine, kikosi cha jeshi la Marekani, ikaitwa Gomer Pyle, U.S.M.C., imeanza Septemba 1964 ikaisha 1969. Na utamu wote ni yeye na Sajenti Carter, aliyeigizwa na Frank Sutton, jamaa uso umemuiva, mishipa ya shingo imemtoka, anamsogelea Gomer pua zinakaribia kugusana anambwekea kwamba hamsikii, na Gomer anatabasamu tu. Hana hila hata chembe, anaamini afande anamtakia mema, na mara nyingi anayelainika mwishoni ni Carter.

Sasa ndo urudi kwenye Full Metal Jacket, muvi ya 1987 ya dairekta Stanley Kubrick. Makuruta wamepanga mistari ndani ya hanga, afande wao Hartman anapita mmoja mmoja (kaigiza R. Lee Ermey huyo, aliwahi kuwa mkufunzi wa makuruta wa Marine kweli kabisa, haigizi kwa kubahatisha), anafika kwa Leonard, jina halitaki, kuanzia leo wewe ni Gomer Pyle. Sisi tunaojua habari za JKT tunaelewa, afande akishakubatiza imeisha hiyo. Ila Leonard tabasamu linamponyoka, na mimi kila nikifika hapo roho inaniuma, maana ni tabasamu lile lile la Gomer! Kwenye komedi lilikuwa linamwokoa, huku Hartman anamuamuru alete shingo yake mwenyewe kwenye mkono wa afande ajinyonge nao. Vincent D'Onofrio, aliyemuigiza Leonard, alinenepa kilo 30 na kitu kwa ajili ya hii nafasi lakini mimi kilichonimaliza ni macho yake pale anapojaribu kuacha kutabasamu anashindwa.

Na usichukulie kama utani wa kupita tu. Machi 1965 Marine wanashuka Da Nang kule Vietnam, komedi iko msimu wake wa kwanza, na miaka yote mitano iliyoendelea mule ndani Vietnam haitajwi, ni kwata na vituko vya kambini basi, wakati vijana waliokuwa wanacheka sebuleni ndo hao hao wanaitwa jeshini. Muvi imechukua jina la askari asiyeijua vita ikampa kijana ambaye hata Vietnam hafiki, anaishia depo. Sijaona muvi nyingine iliyotumia komedi ya TV kwa uzito huo.

Hata bendi ya Pink Floyd wamemtumia, sikiliza wimbo wa 'Nobody Home' kwenye albamu yao ya The Wall ya 1979, mwanamuziki kajifungia chumbani na TV inaongea nyuma yake, utasikia ile sauti ya Gomer, 'Surprise, surprise, surprise!'. Mtu amevurugwa kabisa halafu furaha ya Gomer inapita hewani, inatisha.

Kinachonikera ni hawa wanaomjua kupitia Hartman peke yake, kwao Gomer ni jina la kumwita askari mzito wa kuelewa. Marine wenyewe hawakumwona hivyo! 2001 walimpa Nabors cheo cha heshima, wakaendelea kumpandisha mpaka 2013 akawa sajenti wa heshima, miaka minne kabla hajafariki. Na yule mtu alikuwa na sauti nzito nzuri ya kuimba, miaka na miaka kaimba pale Indianapolis kabla ya mbio za magari za Indy 500, ukimsikia hutaamini ndo yule wa 'Golly'.

Kwa hiyo tafuta vipande vya Gomer na Carter uangalie kwanza, viwili vitatu vinatosha, halafu ndo urudie ile sini ya hangani. Ukimaliza nipigie, hata kama ni usiku.

Wako,
kaka yako