Mihimili mitatu, ufunguo mmoja: barua kwa vijana wa umoja wetu

Wanangu,

Rasimu ya katiba ya umoja wenu nimeipata Jumapili, nikaisoma mara mbili. Ukurasa wa kwanza mmemweka Montesquieu, yule mwanafalsafa Mfaransa wa kutenganisha madaraka, na chini yake mihimili mitatu: mkutano mkuu utunge, kamati itekeleze, baraza la usuluhishi liamue. Nikajisemea, kumbe somo la Uraia halikupotea bure. Halafu nikafika ibara ya saba: "Mwenyekiti atatunza fedha, daftari na mhuri." Nikaweka karatasi chini, nikaenda kunywa maji.

Lawama nyingine ni yangu. Niliwakaririsha jina la mtu huyu kwa ajili ya mtihani, mtu mwenyewe sikuwaonyesha. Alizaliwa mwaka 1689 La Brède, karibu na Bordeaux, Ufaransa. Inasimuliwa kwamba baba yake wa ubatizo alikuwa ombaomba, ili mtoto akikua asisahau kuwa maskini ni ndugu zake. Maskini hakuwa. Mwaka 1716 alirithi kwa ami yake jina la Montesquieu pamoja na kiti kikubwa katika Parlement ya Bordeaux. Neno hilo lisiwachanganye: ile ilikuwa mahakama, na viti vyake vilirithiwa na kuuzwa kama mashamba. Chake alikiuza mwaka 1726, akaenda kuzunguka Ulaya. Uingereza alikaa tangu 1729 hadi 1731. Kitabu chake kikubwa, Roho ya Sheria, kilichapwa Geneva mwaka 1748 bila jina lake, na mwaka 1751 Kanisa Katoliki likakitia kwenye orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku.

Humo anasema jambo ambalo kila mzee wa kijiji analijua: mtu akipewa madaraka hushawishika kuyatumia vibaya, na ataendelea mbele mpaka agonge ukuta. Hilo niliwafundisha. Sentensi inayofuata niliiruka kila mwaka, nikidhani ni pambo tu. Anasema hata wema wenyewe unahitaji mipaka.

Mwaka 1987 nilikuwa mweka hazina wa kamati ya maji ya kijiji nilichokuwa nikifundisha. Sanduku la bati, kufuli moja, uvunguni mwa kitanda changu. Daftari lilikuwa langu, na ufunguo ulikuwa kwenye kamba shingoni mwangu. Mshahara ukachelewa, mtoto akaugua, nikachukua kidogo na kuandika kwa penseli "mkopo". Nikarudisha. Mara ya pili nikachukua, sikuandika. Mara ya tatu hata sikuhesabu. Pampu ilipokufa fedha hazikutosha, na akina mama walirudi kuchota mtoni kwa wiki tatu. Nilikuwa nawaona alfajiri wakipita mbele ya nyumba yangu na ndoo zao, wakiniamkia kwa heshima zote. Hakuna aliyeuliza. Nani atamuuliza mwalimu wa watoto wake?

Katika kitabu hicho kuna sura fupi kuliko karibu zote, inayouchora utawala wa mabavu kwa mistari miwili tu: wenyeji wa Louisiana, huko Amerika, wakitaka tunda, hukata mti shinani ndipo wachume. (Louisiana hakuwahi kufika, na hao watu amewasingizia.) Lakini ule mti ninaujua. Nilishika shoka.

Kwa hiyo mkisoma neno "uhuru" kwake, msikimbilie kufikiria bendera. Kwake uhuru wa raia ni utulivu wa moyo, mtu kujiona yuko salama, na serikali iwe ya namna ambayo raia hamwogopi raia mwenzake. Wale akina mama walikuwa na kamati, mikutano na kura. Utulivu wa kuniuliza hawakuwa nao.

Na mihimili? Kuitenga hakutoshi, na yeye anatofautisha uwezo wa kuamua na uwezo wa kuzuia. Anataka madaraka yazuie madaraka. Uingereza, aliyoisifu kitabuni kama mfano, haikuwa hata nadhifu kama alivyoichora: Robert Walpole, aliyekuwa akiongoza serikali miaka ile, alikuwa anakaa bungeni humo humo. Basi msihesabu mihimili tu. Mkisoma kila ibara, ulizeni: huyu akikosea Jumatatu, nani ana uwezo wa kumsimamisha Jumanne, na atathubutu?

Msimfanye mtume pia. Aliuchunguza ulimi wa kondoo kwa hadubini, akaugandisha nusu, akaona vipele vyake vimesinyaa. Kwa ulimi huo mmoja akajenga hoja kwamba watu wa baridi ni hodari, na sisi wa joto ni wavivu na waoga, tunaoelekea utumwa. Aliwakejeli wanaotetea utumwa wa Waafrika, tena kwa ukali, huku mji wake wa Bordeaux ukijenga utajiri kwa biashara hiyo hiyo. Huyo naye alihitaji mtu wa kumzuia. Mchukueni kwa lile aliloliona vizuri.

Ibara ya saba nimeikata kwa kalamu nyekundu. Fanyeni kama akina mama wa vikoba: sanduku lenye makufuli matatu, funguo kwa watu watatu wasio wa nyumba moja, na fedha zihesabiwe mbele ya wote, kwa sauti. Mmoja wa hao watatu awe yule mwanachama mwenye hisa chache kuliko wote, anayekaa nyuma na hasemi. Msimpe mwenyekiti ufunguo wowote, hata akiwa mcha Mungu. Hasa akiwa mcha Mungu.

Kufuli la sanduku langu la mwaka 1987 bado ninalo. Nimelitia mafuta jana, linafunga. Mkija kuchukua rasimu mlichukue na hilo, mtabaki kununua mawili.

Mwalimu wenu mstaafu