Nilitafuna miraa harusini Mombasa: niiandike kwenye fomu ya Marekani?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nina miaka 33, naishi Maryland, Marekani, na uraia wa huku niliupata 2019. Kazi yangu ni mitandao ya kompyuta. Juzi kampuni moja yenye mkataba na wizara ya ulinzi imenikubali, ila sianzi kazi mpaka nipate kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kuona siri za serikali. Mshahara wake ni karibu mara mbili ya huu wa sasa, na mamangu anaumwa figo.

Fomu ya kuombea kibali hicho inaitwa SF-86. Sehemu ya 23 ndiyo inayoninyima usingizi: katika miaka 7 iliyopita, umetumia dawa za kulevya kinyume cha sheria?

Disemba 2022 nilikwenda nyumbani kwa harusi ya binamu yangu. Usiku tukakaa barazani, vijana wa ukoo mzima, miraa imefunuliwa kwenye majani ya mgomba, ingali na umande, njugu na bigijii pembeni. Nilitafuna mpaka adhana ya alfajiri, na kesho yake nikarudia. Shangazi, kwetu hilo si jambo. Wameru wanasomesha watoto kwa zao hilo. Lakini huku, kathinoni, kemikali ya kuchangamsha iliyomo ndani ya miraa mbichi, imewekwa daraja moja na heroini.

Tena kuna bangi. Maryland iliwaruhusu watu wazima kuanzia Julai 2023, nami mwezi huohuo nikavuta mara mbili kwa rafiki. Kumbe ruhusa ya jimbo haikukingi mbele ya serikali kuu. Sijaigusa tena.

Kaka yangu mkubwa, aliyenilea, anasema, "Nyamaza. Nani atakwenda kuuliza Mombasa?" Mke wangu anataka niandike yote. Nimejisomea pia: wanaotoa kibali wanatazama ulitumia mara ngapi, lini, na kama umeacha. Mwaka 2021 mkurugenzi wa upelelezi wa taifa, Avril Haines, aliziandikia idara kwamba bangi ya zamani izingatiwe, lakini isikate shauri peke yake. Fomu nayo inaahidi kuwa jibu la kweli la sehemu hiyo halitatumika kama ushahidi wa kukushtaki. Uongo ndio wenye kifungo, hadi miaka 5, na wachunguzi huwahoji majirani na marafiki.

Bangi nitaiandika, hilo nimeshaamua. Miraa ndiyo inayonitatiza. Nikiiandika, naona kama naungama uovu kwa kitu alichokitafuna babu yangu barazani mchana kweupe. Nisipoiandika, nikaja kuulizwa uso kwa uso, nitajibu nini? Na wale binamu, wawili wanaomba viza; sitaki majina yao yaingie humu.

Fomu nairudisha Ijumaa. Niiandike miraa ya harusini, au nimtafute wakili kwanza? Na kaka nitamwambiaje kwamba safari hii sitafuata neno lake?

Mwana wa Mombasa,
Maryland