Rolls-Royce si gari, na hisa yake si mkeka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua. Mimi ni msomaji wenu wa kwenye simu. Nawasoma usiku nikiwa zamu, wazee wakishalala, hapa Derby, Uingereza, kwenye makao ya wazee ninakofanya kazi mwaka wa nane sasa. Wiki iliyopita ukurasa wa biashara ulikuwa na habari ya kijana wetu aliyeko huku, aliyenunua hisa za Rolls-Royce usiku wa kuamkia taarifa ya kampuni, akaamka na faida ya kuringia. Mkaipamba habari hiyo kwa picha ya gari jeusi, refu, lenye kile kisanamu mbele ya boneti.

Nianze na gari. Kampuni ambayo hisa zake zinauzwa soko la London haitengenezi gari hata moja. Ilianguka Februari 1971, serikali ikaichukua, upande wa magari ukatengwa mwaka 1973, na leo magari hayo ni mali ya BMW ya Ujerumani. Huku kwetu wamebaki watu wa injini: za ndege, za manowari, na mitambo ya umeme. Injini za ndege kubwa zinaundwa hapahapa Derby, na ukipanda basi asubuhi utakaa na mtu ambaye ama anafanya kazi huko, ama baba yake alifanya. Kwa hiyo mkiweka picha ya gari, naanza kujiuliza kijana wenu alijua ananunua nini.

Na hilo la usiku pia. Soko la London linafungwa saa kumi na nusu jioni na kufunguliwa saa mbili asubuhi. Huwezi kununua hisa usiku kama unavyonunua mishikaki. Labda alinunua jioni. Ni jambo dogo, lakini ndani ya muda huo soko likiwa limefungwa ndimo watu wetu wanamoliwa, na shemeji yangu ni mmoja wao.

Shemeji ni mdogo wake mume wangu, anaendesha foko kwenye ghala. Kijana mchapakazi, mpenda mpira, na jioni za Ijumaa alikuwa na kawaida ya kusuka mikeka ya kubeti. Mwaka 2024 mwezi wa kumi akaacha mikeka. Tukashukuru Mungu. Kumbe amehamia kwenye hisa. Akaniambia, "Shem, hii si kamari, huu ni uwekezaji. Tarehe 7 Novemba wanatoa taarifa. Kampuni inapaa. Naweka mzigo."

Nikamuuliza mzigo kiasi gani. Akasema pauni 1,200. Nikamuuliza kwa nini kwenye skrini yake naona 6,000. Akacheka, akasema programu inamkopesha.

Wasomaji wenu wengi hawajaelezwa jambo hilo. Hakununua hisa. Aliingia mkataba na dalali wa kulipana tofauti ya bei: ikipanda analipwa, ikishuka analipa. Kwa hisa ya kampuni moja, kanuni za huku zinamruhusu mteja mdogo aweke asilimia 20 tu ya thamani, iliyobaki inabebwa na dalali. Ndiyo maana 1,200 ikasomeka 6,000. Hisa ikipanda asilimia 4, yeye kapata asilimia 20. Hesabu hiyo walimwonyesha vizuri kabisa. Hesabu ya kushuka ni ileile, ila hiyo haikuwa na rangi ya kijani. Sheria inawalazimisha hao madalali waandike ni wateja wadogo wangapi katika mia wanaopoteza fedha. Kwenye programu yake iliandikwa pale chini, kwa herufi za kusomwa na sisimizi: zaidi ya 70.

Siku hiyo ya taarifa nilitoka zamu mapema nikapita kwake. Taarifa za makampuni hapa hutoka saa moja kamili asubuhi, saa nzima kabla soko halijafunguliwa. Nilimkuta jikoni amesimama, mkate umeungua kwenye kibaniko, simu kaiegemeza kwenye kopo la sukari. Taarifa ikatoka. Akaipitisha kwa kidole haraka, halafu akanipa mimi. "Soma wewe, shem. Ni nzuri?"

Nikasoma. Ilikuwa nzuri. Saa za kuruka za injini kubwa kwa miezi kumi zilikuwa zimefikia asilimia 102 ya zile za mwaka 2019, kabla ya korona. Kuhusu faida ya mwaka, kampuni ilisema makadirio yake yako palepale: pauni bilioni 2.1 hadi 2.3. Vipuri bado vilikuwa vinawasumbua, nalo walilisema.

Akaruka akashika kichwa kwa furaha. Saa mbili ikafika, soko likafunguliwa, na bei ikaanzia chini ya ilipolala jana.

Alikuwa amejiwekea kinga, agizo la kumtoa bei ikishuka mpaka kiwango fulani. Lakini bei haikutembea mpaka hapo, iliruka. Ililala juu ya kiwango chake na kuamka chini yake, agizo likatekelezwa kwa bei iliyokutwa. Dakika tano, pauni 260 zimekwenda. Shemeji akawa anaivuta ile taarifa juu na chini kana kwamba kuna ukurasa umefichwa. "Lakini wamesema mambo mazuri," akasema. "Wamesema mambo mazuri, shem!"

Mhariri, swali lake ni la haki na gazeti lenu halijalijibu. Makadirio yale ya bilioni 2.1 hadi 2.3 yalikuwa yametangazwa tangu tarehe 1 Agosti. Kila mtu alikuwa nayo kwa miezi mitatu. Bei ya jioni ya tarehe 6 ilikwishayahesabu hayo yote, na juu yake ilikwishahesabu matumaini kwamba wataongeza. Wasipoongeza, habari njema inageuka habari ya kawaida. Shemeji alidhani anabashiri kama kampuni inafanya vizuri. Hilo halikuwa fumbo kwa mtu yeyote. Alichokuwa anabashiri hasa ni kama itafanya vizuri kuliko wengine wanavyotarajia, na matarajio ya wengine hakuwa na njia ya kuyaona kutoka jikoni kwake. Wanaojua kilichomo kwenye taarifa kabla haijatoka hawaruhusiwi kununua, ni jela. Wanaoruhusiwa hawajui.

Najua mtaniambia: mbona ipo mikesha iliyolipa? Ipo. Tarehe 26 Julai 2023 kampuni ilitoa taarifa ambayo hata haikuwa kwenye ratiba, ikapandisha makadirio yake, na hisa ikaruka kwa kishindo siku hiyo. Lakini tazama: haikuwa kwenye ratiba. Hakuna aliyekesha. Walionufaika ni waliokuwa nazo tayari, wamelala zao.

Mmoja wao namfahamu, na ndiye aliyenifundisha haya yote. Ni mzee tunayemhudumia hapa makao. Aliingia Royce's (ndivyo wenyeji wanavyoiita) akiwa kijana wa kujifunza ufundi, miaka ya sitini. Ananiita bata, na kwa watu wa Derby hilo ni jina la mapenzi, msishtuke. Mwaka 1971 alikuwapo kampuni ilipofilisika kwa ajili ya injini moja, RB211, ya ndege ya Lockheed TriStar. Walijaribu kutengeneza mapanga ya feni yake kwa nyuzi za kaboni ili yawe mepesi, wakayajaribu kwa kuyarushia kuku mzima, yakavunjika. Akisimulia anapiga meza kwa kiganja, pa! Serikali ilipoiuza tena kampuni kwa wananchi mwaka 1987, kwa peni 170 hisa moja (peni 100 ni pauni moja), akanunua kidogo, na nyingine alipewa kazini baadaye.

Mwishoni mwa Oktoba 2020 alipata barua nene. Wageni walikuwa hawaingii kwa sababu ya korona, kwa hiyo bintiye alikuwa kwenye simu, spika imewashwa, mimi nimevaa barakoa nasoma barua kwa sauti, mzee kafumba macho. Kampuni ilikuwa taabani. Ndipo nikajifunza inavyokula: injini yenyewe haiilipi sana, inachoilipa ni mkataba wa matengenezo, shirika la ndege linatoa fedha kwa kila saa injini inayokaa angani. Mwaka ule ndege zilikaa chini, saa za kuruka zikaanguka mpaka asilimia 43 za mwaka uliotangulia. Mwezi Mei walikwishatangaza kupunguza nafasi 9,000 za kazi. Sasa walikuwa wanaomba pauni bilioni 2 kwa wenye hisa: kwa kila hisa 3 ulizo nazo, unaweza kununua 10 mpya kwa peni 32.

Mzee alikuwa na hisa 300. Binti akasema, "Baba, waache, wamekufa hao." Mzee akaniuliza dirishani kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu, mbingu tupu. Akasema, "Ndiyo. Lakini watu hawataacha kupanda ndege." Akaagiza binti alipe pauni 320, akawa na hisa 1,300.

Hadithi ya peni 32 ina funzo jingine ambalo waandishi wenu wangelieleza vizuri kuliko mimi. Baada ya hapo nikawa nasikia watu wakisema, "Hisa hii ilivuka pauni 10 mwaka 2018, lazima irudi hapo." Wanasahau kwamba hisa zenyewe zilitoka chini ya bilioni 2 zikawa zaidi ya bilioni 8. Keki ileile ilikatwa vipande vingi mara nne ya vile vya mwanzo. Kipande cha sasa kikiuzwa pauni 10, keki nzima inagharimu mara nne ya ile ya 2018. Sijasema haiwezekani. Imewezekana: mwisho wa Julai 2025 bei ilivuka pauni 10. Lakini haikuwa kurudi mahali, na aliyenunua kwa sababu ya "kurudi" alipata kwa kubahatisha.

Nisijifanye mjuzi. Mimi mwenyewe mwaka 2021, kwa kumwiga mzee, nilinunua hisa 400 kwa peni 108. Zikakaa, zikashuka, nikazivumilia. Januari 2023 akaja mkuu mpya, Tufan Erginbilgiç, aliyetoka kampuni ya mafuta ya BP, akawaambia wafanyakazi kwamba kampuni ni jukwaa linaloungua moto, yaani ibadilike au iangamie. Mji mzima ulinuna. Bei ikaanza kupanda, na mwezi Machi ilipofika karibu peni 150 nikauza zote. Nilipata faida ya pauni 160 na ushei, nikanunua mashine ya kufulia. Mume wangu ameifanyia hesabu mashine hiyo kwa bei ya leo, anasema inafua kwa pauni elfu nne. Kwa hiyo siandiki barua hii kama mtu aliyetajirika.

Shemeji naye, baada ya Novemba, aliogopa. Tarehe 27 Februari 2025 ilipofika, kampuni ikatoa hesabu za mwaka: faida ya uendeshaji pauni bilioni 2.5, juu ya yale makadirio, gawio (faida wanayogawiwa wenye hisa) la peni 6 kwa hisa, la kwanza tangu korona, na mpango wa kununua tena hisa zake za pauni bilioni moja. Bei ikapanda kwa takriban asilimia 15 siku moja. Yeye hakuwa na hata hisa moja. Nilimpigia simu, hakupokea. Mzee alikuwa anakula uji, nikamwambia peni 6 mara 1,300 ni pauni 78. Akaniuliza kama hilo gawio litatosha kununua televisheni nyingine, maana ya ukumbini inakoroma.

Sasa Novemba imefika tena, ya mwaka 2025, na taarifa nyingine iko njiani. Habari yenu imesambaa huku, na jana shemeji kaniletea simu aniombe pauni 500 "za wiki moja tu". Kwenye skrini kulikuwa na ukurasa wenu, na lile gari.

Sijampa. Lakini sikuwa na cha kumwambia alipouliza mbona gazeti limeandika. Ninachoomba, mkimtangaza kijana aliyepata, mumuulize mambo matatu mbele ya wasomaji: alinunua hisa au aliingia mkataba wa kukopeshwa? Fedha ilikuwa yake au ya kodi ya nyumba? Na mikesha mingine kabla ya huo, ilikuwaje? Na kama mtaichapisha barua hii, tafadhali wekeni picha ya injini.

Wenu,
Mama wa zamu ya usiku,
Derby, Uingereza