Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mpango wa Mtaa, Darajani hadi Mlandege

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, masheha wetu, akina mama na vijana wa biashara, ndugu wanachama nyote,

Mwaka huu mpango wetu wa mitaro na njia za mtaa, Darajani hadi Mlandege hapa mjini Unguja, umetoka kwenye rasimu za penseli ukawa ramani yenye vipimo, na nakala yake imekabidhiwa Baraza la Manispaa. Kuchora hakukutuchukua muda mrefu. Kilichotuchukua muda ni kukubaliana kipi kitangulie. Wengi walitaka tuanze na kinachopendeza macho: vitofali vya njiani, taa, miti. Uamuzi uliopita ni maji kwanza, na taarifa hii itakaa zaidi kwenye maji kwa sababu hiyo.

Tunapopazungumzia ni ardhi ya kufukia. Hapa palipita mkono wa bahari, Pwani Ndogo, uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, upande wa pili wa mji, na Darajani imepata jina kwa daraja lililovuka mkono huo. Ulifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, lakini kufukia hakukuifanya ardhi kuwa mlima. Iko chini na tambarare. Bahari yetu wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hujaa na kupwa kwa tofauti ya karibu mita 4. Mvua ya masika ikishuka maji yamekupwa, njia hukauka upesi. Mvua hiyo hiyo ikishuka bamvua limejaa, mitaro haina pa kumwaga, na maji hurudi yalikotoka. Ndiyo maana wajumbe wawili walibishana kikao kizima, mmoja akisema mtaro unafanya kazi na mwengine akisema haufanyi, na wote wawili walikuwa wakweli. Tangu siku hiyo daftari la mtaro linaandikwa saa ya mvua pamoja na hali ya bahari.

Mji huu haukukosa mipango. Wapanga miji walitangulia: Lanchester aliandika wake 1923, Kendall akaja na wa 1958, Wajerumani wa Mashariki 1968, Wachina 1982. Majumba ya Michenzani yanashuhudia kwamba mchoro ukipata nguvu ya serikali hugeuza mji. Lakini michoro ile ilishuka kutoka juu, na mtu wa juu haoni kizingiti cha mlango. Mpango mkubwa wa eneo la Ng'ambo, uitwao Ng'ambo Tuitakayo, ulifungua njia ya kuwauliza wakaazi wenyewe, na mpango wetu mdogo umeandikwa uingie ndani ya huo mkubwa, usigombane nao. Kwa upande wa barabara unaotazamana na Mji Mkongwe, ambao ni Urithi wa Dunia tangu 2000, kila pendekezo litapita pia kwa Mamlaka ya Uhifadhi kabla ya jembe kugusa chini.

Namna tulivyokusanya habari naieleza kwa ufupi, kwa faida ya mitaa mingine iliyotuuliza. Ramani ilichapwa kwa kipimo cha 1:500, yaani sentimita moja ya karatasi ni mita 5 za njia. Ikiwa ndogo zaidi ya hapo baraza la mbele ya nyumba halionekani. Ikatandikwa barazani, kila mtu akatia alama. Wapita njia tulihesabu asubuhi, baada ya alasiri na baada ya isha, siku ya kawaida, Ijumaa, na tena ndani ya Ramadhani, maana mtaa wa Ramadhani usiku ni mtaa mwengine kabisa. Wenye maduka na wanaopanga bidhaa mbele ya maduka tuliwaweka vikao mbali mbali. Mwenye kupanga bidhaa humlipa mwenye duka kwa ile nafasi ya mlangoni, na wakikaa pamoja hakuna anayeitaja.

Sasa mitaro. Usawa tuliupima kwa mpira wa maji unaoonesha ndani, watu wawili, mmoja kila ncha. Chombo ni rahisi na hakidanganyi, isipokuwa hewa ikiingia: povu moja dogo katikati ya mpira hutoa kipimo kibovu, na mtaro hujengwa ukipanda badala ya kushuka. Maji yavuteni polepole kutoka kwenye ndoo, msiuchomeke mpira bombani. Kabla ya kupima, wekeni ncha mbili pamoja. Maji yasipolingana, kuna hewa.

Mpango unataka mteremko usiopungua 1:200, yaani milimita 50 kila mita 10. Kwenye ardhi yetu hata huo ni wa kutafuta kwa tochi, kwa hiyo tumebadili umbo la mtaro wenyewe. Mtaro wa chini bapa, ambao ndio mafundi wengi wamezoea, hufaa siku ya mvua kubwa tu. Siku nyengine zote maji ni kidogo, hutandazika mapana, hukosa nguvu, mchanga hukaa na mifuko hukwama juu yake. Chini tumeuchora wa duara, mfano wa nusu bomba, ili maji kidogo yakusanyike kati na yasukume taka. Pale unapoingia kwenye mtaro mkuu utatiwa kifuniko cha bawaba kinachofunguka kwa maji ya mvua na kujifunga bahari ikirudi. Kasoro yake ijulikane mapema: chupa moja ya plastiki ikikaa kwenye mdomo, kifuniko hakifungi, na bahari inaingia. Bila ya mtu wa kukikagua kila kabla ya bamvua, na bamvua huja mara mbili kwa mwezi, bora tusikiweke.

Mifuniko ya mtaro ilizua mjadala mkubwa kuliko nilivyotarajia. Ya chuma huibiwa ikauzwa chakavu. Ya zege ikiwa mizito hainyanyuliwi, na mtaro usionyanyuliwa mfuniko hausafishwi. Kipimo tulichokubaliana ni sentimita 60 kwa 45, unene sentimita 7.5, ambacho uzito wake ni karibu kilo 49. Watu wawili wanakimudu. Ukiongeza urefu ufike sentimita 90, unapita kilo 70, na hapo ndipo watu wanaposema "tutasafisha kesho". Kila mfuniko una matundu mawili ya kupitisha ndoano, na nondo za milimita 10 zilizofunikwa na zege isiyopungua milimita 25. Mifuniko hii ni ya pembeni, kwa waendao kwa miguu. Gari likipanda, itavunjika, na panapovuka magari pana mchoro wake.

Fungu la kwanza la mifuniko ya majaribio lilipasuka. Mchanga ulikuwa wa pwani, na chumvi yake hula nondo kwa ndani hadi zege ikatengana. Halafu fundi aliyepewa kazi aliiacha juani tangu siku ya pili. Fungu la pili limetumia mchanga wa shimo uliochekechwa, mchanganyiko 1:2:4 wa saruji, mchanga na kokoto, na limefunikwa magunia ya kulowana siku 7. Hilo limesimama.

Kuna jambo moja ambalo tumeliandika kwa herufi nene katika mpango. Barabara ikitiwa lami mpya juu ya ile ya zamani, hupanda sentimita kadhaa kila mara. Nyumba hazipandi. Baraza lililokuwa kimo cha goti huwa kimo cha kifundo, kizingiti hugeuka bwawa, na mwenye nyumba hujenga kituta chake cha saruji kinachosukuma maji kwa jirani. Tunaomba kila tabaka jipya litanguliwe na kukwangua la zamani, na usawa wa vizingiti uandikwe kwenye mkataba wa mkandarasi. Barua tuliyoipeleka ofisi moja kwa jambo hili haijajibiwa, tumeipeleka tena.

Njia za ndani zitatandikwa vitofali vya zege, milimita 60 kwa waendao kwa miguu na 80 panapopita gari, juu ya mchanga wa sentimita 3 hadi 5. Vya sentimita 20 kwa 10 huingia 50 kwa mita moja ya mraba. Faida yake ni kwamba bomba likipasuka, vinang'olewa na kurudishwa, lami haifanyi hivyo. Ukingo lazima utangulie. Bila ya ukingo, vitofali hutawanyika pembeni na gurudumu la kwanza la mkokoteni huonesha.

Kuhusu meza za biashara hatukupendekeza mtu aondolewe. Tulikaa na hesabu tu. Chukua njia ya mita 5: baraza la sentimita 60 kila upande, meza ya sentimita 90 kila upande, inabaki mita 2 za kupita, ambazo zinatosha kiti cha magurudumu na mwenye kapu kupishana. Tatizo ni meza ya pili inayoongezwa baada ya alasiri. Mstari wa rangi hufutika kabla ya masika kwisha, kwa hiyo mpaka utakuwa safu moja ya vitofali vyekundu, ambayo haifutiki wala haisogei. Njia moja ya gari la zimamoto, karibu mita 4, itabaki wazi saa zote, na hapo hapana majadiliano.

Miti: mkungu tumeukataa njia nzima, ingawa kivuli chake ni kizuri, kwa sababu majani yake mapana huziba mitaro na mizizi hunyanyua vitofali. Mwarobaini umekubaliwa, mita 2 kutoka mtaroni. Taa zitangoja vitofali. Choo cha hadhara hakimo kwenye mpango huu kwa sababu hatukupata kiwanja, na ni upungufu mkubwa kwa wanawake wanaouza kutwa nzima, naukubali.

Hesabu zilizokaguliwa amezibandika mshika fedha ukumbini, zisomwe kabla ya kupigiwa kura. Michango ya wenye maduka imeingia vizuri kuliko ya wenye nyumba.

Kazi ya mwaka ujao ina utaratibu huu: mtaro na mifuniko yake ikamilike kabla ya Machi, mvua ya masika tuitumie kuangalia maji yanakaa wapi, ndipo ukingo na vitofali baada ya Mei. Anayetaka kuharakisha vitofali kwanza aje na pesa za kuving'oa.

Ndoano nne za kunyanyulia mifuniko na mpira wa kupimia vinawekwa kwa katibu. Anayevichukua aandike jina, na avirudishe kabla ya magharibi. Ndoano moja haijaonekana tangu usafi wa mwezi uliopita.